Mwaka na nusu na mashine ya kufulia Lamu: chumvi, stima na paka

Nimeulizwa habari za mashine yangu ya kufulia mara nyingi mno, dukani, harusini, hata matangani, nikaona niandike mara moja yaishe. Ni ya mlango wa mbele, ya kufua kilo 7 za nguo, ya mtumba. Nilinunua Mombasa kwa shilingi 26,000. Jina la muuzaji silitaji, maana katika yaliyonipata mengine yalikuwa uzembe wake na mengine uzembe wangu.

Ilikuja kwa lori hadi Mokowe, ikavushwa kwa mashua, kisha hamali wawili wakaipokea gatini na mkokoteni. Kufika uchochoro wetu wa Langoni mkokoteni ukawa haupiti, wakaibeba. Mmoja akaniuliza, "Mama, humu mmetia mawe?" Nikacheka. Kumbe hakukosea. Mashine za namna hii zina bonge la zege ndani, limewekwa makusudi kuizuia isiruke inapokamua. Ndiyo maana kitu kinachoonekana kama kabati tupu kina uzito wa zaidi ya kilo 60.

Nikafanya kosa la kwanza: nikaipandisha juu, ghorofani. Nyumba yetu ni ya kale, sakafu ya juu ni boriti za mikoko na mawe ya matumbawe na chokaa. Nikatia mashuka, nikafungua maji, nikabonyeza. Saa nzima ilikwenda vizuri. Ilipofika kukamua ikaanza kupiga kishindo kama ngoma ya arusi, ikajivuta kutoka ukutani, ikaelekea ngazini. Mavyaa wangu alikuwa chini na kikombe cha kahawa, chokaa ikamdondokea kikombeni. Akaita, "Ndoo uone, mashine yako yahama!" Nikazima swichi ya ukutani. Sikuigusa mashine yenyewe, na hilo lilikuwa jambo la akili pekee nililofanya siku ile.

Bwana akaigeuza jioni, akakuta nyuma bolti nne ndefu zimekazwa. Hizo ni bolti za safari. Hushikilia dramu, lile pipa la ndani la kutilia nguo, isicheze njiani, na ni lazima zitolewe kabla ya kuwasha, kwa sababu dramu imeninginia kwenye springi na bila kucheza haiwezi kukamua. Muuzaji alizirudisha kwa ajili ya lori na mashua, jambo la busara kabisa, ila hakunambia. Dakika tano na spana zikatoka. Usizitupe, zangu ziko ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati, tukihama zitarudi mahali pake.

Hata baada ya kuzitoa tuliishusha chini. Sakafu ya boriti hubeba watu na vitanda miaka na miaka, lakini kitu kinachozunguka mara 1,000 kwa dakika mahali pamoja ni habari nyingine. Nilitaka niiweke chooni kando ya birika la maji ya kuogea, maji na shimo yako pale pale. Fundi wa stima akakataa katakata. Akasema atatia waya popote ninapotaka isipokuwa pale. Sasa iko kwenye kona iliyoezekwa ya kiwanda, yaani ua wa nyumba yetu, juu ya jukwaa la saruji la kimo cha shubiri moja, na miguu yake tumeisawazisha kwa pima maji ya mwashi.

Huyo fundi sikumwita kwa hiari. Aliitwa na mkono wangu. Siku moja natoa nguo, miguu pekupeku, sakafu ina maji, nikashika ukingo wa mlango nikahisi sisimizi wanapanda hadi kiwikoni. Nikadhani ni mishipa. Nikashika tena, sisimizi tena. Nilipomweleza fundi hakuangalia mashine kwanza, alifungua soketi. Matundu matatu, yote mazuri kwa nje, lakini lile la juu halikuunganishwa na chochote. Waya wa kupeleka umeme ardhini, ule wao wanauita athi, haukuwepo nyumba nzima. Tundu la tatu lilikuwa pambo.

Hapa nitakaa kidogo, maana hili ndilo la kuua mtu. Mashine ya kufulia ni bati, ina maji ndani na umeme ndani, na anayeigusa aghalabu amelowa. Ikivuja umeme kidogo, waya wa athi ndio unaouonyesha njia ya kwenda ardhini badala ya kupitia kwako. Nyumba nyingi za zamani zilitiwa stima kwa ajili ya taa na redio, na friji ikaja ikachomekwa hapo hapo. Fundi alipigilia fimbo ya shaba ardhini pale kiwandani, akavuta waya hadi kwenye soketi, akaniwekea na swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja kufikia miliampea 30. Ina kitufe cha kujaribia. Nakibonyeza kila mwanzo wa mwezi, ikikata "tak" nafurahi. Gharama yake yote iliniuma kuliko nauli ya mashine, na ningelipa tena kesho. Kabla hujanunua mashine, mwite fundi mwenye leseni akupimie soketi.

Pia akanivunjia ekstensheni yangu mbele yangu. Mashine ikipasha maji hita inavuta kama wati 2,000, na waya mwembamba wa ekstensheni hupata moto kimya kimya chini ya mkeka. Yangu plagi yake ilikwisha kuwa rangi ya chai.

Maji sasa. Juu tuna tangi la maji ya mfereji, yale yatokayo visima vya Shela, na siku yasipokuja tunajaza kwa pampu kutoka kisima cha nyumbani, ambacho maji yake yana chumvi kiasi. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mchanga na matumbawe, na jiwe la matumbawe ni chokaa tupu. Tazama ndani ya birika lako la chai: ule ukoko mweupe ndio huo huo unaovaa hita ya mashine. Hita ikivaa ukoko hula stima zaidi, huchelewa kupasha, mwisho huungua. Kwa hiyo nguo nyingi nafua kwa maji baridi, na kila baada ya miezi miwili naiendesha tupu, bila nguo wala sabuni, kwa digrii 60, nimetia gramu 100 za ndimu ya unga, ile ya kutilia achari. Mara ya kwanza maji yalitoka na vigamba kama vya samaki.

Mavyaa alinishauri niongeze na ile dawa ya klorini ya kung'arishia kanzu, ili iue na wadudu. Nilimshika mkono. Klorini na ndimu, au klorini na siki, vikikutana hutoa hewa ya sumu inayochoma kifua, na kiwanda chetu ni kidogo.

Kuna siku tangi zima liliisha. Lita 500. Mashine inajaza, inajaza, haifui. Nikashuku pampu, nikashuku fundi, nikamshuku hata jirani. Kosa lilikuwa bomba la kutolea maji: nililitupa chini kwenye mfereji wa sakafuni, maji yakawa yanaingia juu na kuteremka yenyewe chini wakati huo huo. Mdomo wa bomba unatakiwa uwe juu kutoka sakafuni, wangu nimeufunga ukutani sentimita 80. Tangu hapo mfuo mmoja haumalizi mitungi mitatu ya lita 20, chini ya nilivyokuwa nikitumia kwa beseni na kusuza mara tatu.

Bwana wangu ni nahodha wa boti ya injini. Ovaroli yake hunuka petroli, na wiki ya kwanza nilikuwa tayari kuirusha ndani pamoja na taulo. Nguo yenye petroli haitiwi mashineni kamwe. Dramu imefungwa, mvuke wa petroli umejaa mle, na mota ya mashine kama yangu ina kaboni zinazotoa cheche. Ovaroli ile inaanikwa kwanza juani na upepo wa kusi mpaka harufu iishe kabisa, inafuliwa kwa mkono na maji ya sabuni, na siku nyingi inaishia hapo. Kwa hiyo kwa nguo zake yeye, mashine haijanisaidia kitu.

Nguo nyingine? Mashuka, taulo, sare za shule, kanzu za kila siku: nyota tano. Kanzu nageuza ndani nje, nazifua peke yake, kisha wanga na pasi kama kawaida. Leso mpya ifue mwenyewe mara mbili tatu kwa mkono, itachuja rangi. Kikoi nilikitia hivi hivi, matamvua yakajisokota na kamba za suruali, nikakaa kibarazani nusu saa nafungua mafundo kama mvuvi na jarife lake; siku hizi nakitia ndani ya mfuko wa wavu, pamoja na mabuibui yenye shanga. Kofia ya mkono usithubutu. Mtu ameketi miezi akitoboa vito, vile vitundu vya nakshi, kimoja kimoja, wewe uende ukaizungushe?

Sabuni nilikosea pia. Ile ya unga ya kufulia kwa mkono hutoa povu jingi, na povu likizidi linafurika, linapanda mpaka kwenye droo, na nguo hazisuuziki. Nunua iliyoandikwa ni ya mashine, na utie kidogo kuliko moyo wako unavyotaka.

Mchanga ndio adui wa pili baada ya chumvi. Watoto wakirudi pwani nguo zao nazikung'uta barazani, mifuko naigeuza. Hata hivyo, mashine ilipoanza kutoa maji kwa kusuasua nilifungua kile kifuniko kidogo cha chini mbele, kilipo chujio cha pampu. Ichomoe plagi kwanza, weka sinia na tambara, fungua taratibu, na usifungue maji yakiwa ya moto. Mle nilikuta mchanga wa kujaza kikombe, vifungo viwili, sarafu ya shilingi 20, na waya wa sidiria ambao hakuna aliyekubali ni wake. Sasa nakifungua kila mwezi. Na nyuma, panapoingia bomba la maji, kuna kichujio kidogo cha wavu. Kikiziba mashine hujaza kwa uvivu, mswaki wa zamani unatosha kukisafisha.

Harufu ya ukungu hutoka kwenye mpira wa mlangoni. Futa mikunjo yake kwa tambara kavu kila ukimaliza, na acha mlango wazi upate hewa. Nilifanya hivyo. Lakini hii ni Lamu, na Lamu ni mji wa paka. Asubuhi moja nilitia shuka mbili, nikafunga mlango, kidole kiko kwenye kitufe, nikaona shuka inapumua. Paka wa uchochoroni alikuwa amelala mle usiku kucha. Miguu ilinilegea nikakaa chini. Siku hizo hizo nikamkuta na mwana wa wifi yangu wa miaka mitatu ametia kichwa na mabega ndani akisema ni pango. Sasa mlango unaachwa wazi upana wa vidole viwili tu, umefungwa kwa utepe wa leso juu asikoufikia mtoto, plagi imechomolewa, na hakuna anayewasha kabla ya kupitisha mkono ndani ya dramu.

Stima ikikatika katikati, na hukatika, zima swichi ya ukutani usisubiri irudi yenyewe, maana ikirudi huja na kishindo. Usiung'ang'anize mlango, maji yamo. Ikirudi na kutulia, washa, chagua kutoa maji, endelea. Kwa mita yangu, mfuo wa maji baridi hauli hata nusu yuniti, wa digrii 60 unakaribia yuniti nzima.

Ningenunua tena? Ningenunua, ila mpya, na fundi wa soketi angetangulia mashine. Mikono yangu imepona ile michubuko ya sabuni, na Jumamosi nimeipata. Mavyaa, aliyesema kitu hiki kitatuua sote, sasa huleta mashuka yake mwenyewe na kiti, akakaa mbele ya kioo akayatazama yanavyozunguka mpaka mwisho.

Lililonishinda ni kutu. Naifuta bati kwa maji baridi yasiyo na chumvi, naikausha, skrubu za nyuma nazipaka grisi, na bado mbili zimeanza kuliwa na hewa ya bahari. Mwenye dawa iliyomfaa nyumbani kwake, hapa kisiwani na si bara, anambie.