Uzoefu wangu na klabu ya wapenda mawe New Jersey

Nimekulia Arusha, ambako ukiona watu wanne wameinamia kikaratasi cheupe kando ya barabara, ujue pana jiwe na pana hela. Kwa hiyo jirani yangu aliponiambia kuwa huku New Jersey kuna watu wanalipa ada ili wakachimbe mawe yasiyouzika, nilidhani ananitania. Sasa ni mwanachama. Kama uko huku na hujui Jumamosi uifanyie nini, jiunge, ila uwe na gari na uwe na subira.

Subira ni ya vikao. Tunakutana jioni mara moja kwa mwezi, na sehemu kubwa ya saa ya kwanza inaliwa na muhtasari wa kikao kilichopita, taarifa ya mhazini na mjadala wa nani ataleta vitafunio mwezi ujao. Wanachama wengi ni wastaafu, na mambo yao hayana haraka. Ukivumilia hapo, anakuja mzungumzaji na picha zake, kisha bahati nasibu ya mawe, kisha watu wanafungua viboksi vyao vya mawe mezani. Hapo ndipo klabu inapoanza.

Utamu wenyewe uko kwenye safari. Tunayoipenda zaidi ni ya Franklin, mji mdogo ulio zaidi ya saa moja kwa gari kutoka Jersey City. Huko na kwa jirani zao wa Ogdensburg ilichimbwa zinki kwa miaka mingi. Mgodi wa Franklin ulifungwa 1954, na ule wa Sterling Hill, ulioko Ogdensburg, 1986. Yamepatikana madini ya aina zaidi ya 350 kwenye eneo hilo, na mengi yanang'aa chini ya taa ya UV, yaani ya mwanga wa urujuanimno usioonekana kwa macho. Nyuma ya makumbusho ya Franklin kuna lundo la kifusi cha zamani liitwalo Buckwheat Dump, na hapo mgeni anaruhusiwa kuchakura. Mawe unayoondoka nayo yanapimwa kwenye mizani na unayalipia.

Mchana jiwe la Franklin halina mvuto. Ni jeupe lililochafuka, lina punje nyeusi za madini ya franklinaiti na madoa ya kahawia. Unajifunika blanketi zito jeusi kichwani, jua likiwaka mgongoni, watu wazima mmepiga magoti kwenye kifusi kama watoto wanaocheza kujificha, halafu unawasha taa. Kalsaiti, ile sehemu nyeupe, inageuka nyekundu ya kaa la moto, wilemaiti, madini mengine humo, inawaka kijani, na zile punje nyeusi zinabaki nyeusi tii katikati. Mzee mmoja wa klabu alinieleza kuwa rangi zote mbili zinatokana na metali ya manganizi kidogo iliyoingia ndani ya madini hayo. Nilimwambia arudie, maana kitu kimoja kuleta nyekundu hapa na kijani pale kilinishinda.

Sterling Hill ni tofauti. Kule unaongozwa ndani ya handaki lenye baridi ya nyuzi 13 hivi hata kiangazi, wanazima taa za kawaida, na ukuta mzima wa mwamba unawaka. Vaa sweta.

Kuhusu vifaa: miwani ya kukinga macho ni lazima, na nyundo iwe ya wajiolojia. Ya seremala hawaitaki, chuma chake kinaweza kumeguka na kurukia mtu. Taa ndiyo inayoliza watu. Zile tochi za bei chee za mtandaoni, zilizoandikwa nanomita 395, hazikufai kwa mawe ya Franklin. Unahitaji ya mawimbi mafupi, nanomita 254, na bei yake inauma. Azima ya klabu kwanza. Usiitazame moja kwa moja, inaunguza macho.

Lakini kilichonifanya nilipe ada ya mwaka wa pili ni kiboksi kimoja. Wakishajua unatoka Tanzania, wanakuuliza kuhusu Mirerani kunakochimbwa tanzanaiti, lile jiwe la bluu, kuhusu ule ukuta unaozunguka machimbo, kuhusu mchimbaji Laizer aliyeuza mawe mawili kwa serikali mwaka 2020, kilo 9 na ushee na kilo 5, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Nikajiona mtaalamu. Halafu mama mmoja akanikalisha kwenye darubini, akafungua kiboksi chake na kuniwekea kipande cha mwamba kutoka Mirerani, hakina bluu hata chembe. Mle ndani mlikuwa na vinywele vya kijivu vinavyometa. Akaniambia ni merelaniaiti, madini yaliyotangazwa kisayansi mwaka 2016 na kupewa jina la kwetu. Nimewajua wanaapolo, wachimbaji wa kule, na madalali tangu utotoni, sikuwahi kusikia. Kwetu mwamba kama ule unapigwa nyundo ili jiwe la bluu litoke safi, mengine yanakwenda kwenye kifusi. Huyu mama anayo droo nzima ya hayo mengine.

Jiandae pia kuombwa mawe. Kila ninapokwenda likizo kuna anayetaka nimletee "kajiwe kadogo tu". Nawaambia madini hayatoki Tanzania bila kibali, na wanaelewa vizuri kuliko ndugu zangu wanaoomba simu.

Nisilolipenda: safari zinatangazwa kwa kuchelewa, na nafasi zinajaa na wale wale waliozoea. Usafiri wa umma haufiki huko tuendako, kwa hiyo asiye na gari anategemea lifti. Watoto wanakaribishwa, wana meza yao kwenye maonesho ya kila mwaka, na binti yangu hupata mawe mengi ya bure kuliko mimi ninayelipa ada.

Julai na Agosti hakuna vikao. Nenda Septemba kama mgeni, hawatozi kitu, na ukae mpaka viboksi vifunguliwe.