Testa ya plagi yenye taa: ilinipoteza kwanza, baadae ikanisaidia

Wadau hii testa nimekaa nayo msimu mzima wa theluji kwahiyo sasa naweza kuiongelea bila kukurupuka. Ni kile kidude chenye kitaa kidogo, unakipachika katikati ya plagi ya injini (ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli) na kofia yake, unavuta kamba ya kuwashia, kitaa kikimetameta unajua umeme umepita. Plagi inabaki mahali pake huifungui, na hapo ndo nilipoipendea.

Nilinunua kwasababu snoumobili yangu (ile pikipiki ya kukimbilia juu ya theluji) ilianza vituko. Ni ya zamani kidogo, tu-stroku (injini inayochoma oili pamoja na petroli), silinda mbili, kila silinda na kabureta yake. Asubuhi navuta kamba mpaka bega linalia, ikija kuwaka inakohoa kohoa tu, ukiipa gesi inajikokota, haifikishi mzunguko wa kufanya mkanda wa kuendeshea mashine ushike sawasawa, moshi wa bluu umejaa na harufu ya petroli mbichi mpaka kwenye jaketi. Kila mtu akasema plagi hizo zimelowa. Mi nikasema ngoja nipime.

Nikapima. Kulia taa inawaka, kushoto taa inawaka, tena zinafanana kabisa. Basi nikajiambia plagi ni nzima, nikahamia kwenye mafuta. Nikamwaga petroli yote nikaweka mpya, nikafungua kabureta zote mbili nikapuliza vijitundu kimoja kimoja, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nikarudisha, nikawasha, ugonjwa ule ule. Siku mbili zimeenda hivyo aisee.

Aliyenitoa gizani ni fundi mmoja mtu mzima, hata spana hakushika. Akasema iwashe, ikiunguruma kidogo chota theluji na glavu uweke kwenye ekzosi pale inapotokea kila silinda. Upande wa kulia ikapiga chwiii ikapotea. Kushoto ikakaa, ikayeyuka taratibu kama imewekwa mezani. Yaani silinda ya kushoto haikuwa inachoma kitu, na testa yangu bado inamulika pale kama disko!

Sasa hapa ndo watu wengi tunapigwa. Kile kitaa kinaonyesha umeme unapita kwenye waya, basi. Hakijui umeme huo umefika ukaruka kwenye ncha ya plagi au umepotelea njiani. Plagi ikishapakwa masizi na oili kwenye ile kauri nyeupe ya ndani, umeme unapata njia ya mkato, unapita juu ya masizi unaingia kwenye chuma cha plagi, cheche hakuna. Taa inawaka vizuri tu. Na hata ukiitoa plagi ukaona inatoa moto nje usifurahi sana, nje cheche inaruka kirahisi, ndani kwenye mgandamizo wa silinda kazi ni nyingine kabisa.

Nikafungua plagi. Ya kulia rangi ya kaki, kavu, safi. Ya kushoto nyeusi tii, imelowa, inanuka petroli. Nikabadilishana, ya kushoto nikaipeleka kulia na ya kulia kushoto, na ugonjwa nao ukahama na plagi. Hiyo haikuhitaji testa wala nini, ni spana ya plagi tu na dakika kumi. Nikafunga jozi mpya za kampuni ya NGK, aina ya BR9ES kama kitabu cha mashine kinavyosema, mwanya wa kurukia cheche milimita 0.7, mashine ikakimbia kama zamani.

Siku ya tatu kushoto ikafa tena.

Hapa sasa testa nayo niisifie. Plagi mpya ilishachafuka upande ule ule, na nilipoweka mpya nyingine taa ya kushoto na ya kulia zilikuwa na nguvu sawa, hazirukiruki, kwahiyo koili, waya na kofia nikaviacha (sio ushahidi kamili ila ulinitosha) nikaenda kutafuta petroli ya ziada inatoka wapi. Nikaikuta kwenye choki, ile ya kuongeza petroli wakati wa kuwasha injini ikiwa baridi. Kebo ya choki ya kabureta ya kushoto ilikuwa imebana, haina hata mlegezo kidogo, kile kipistoni chake hakikai chini mpaka mwisho, kwahiyo choki upande huo iko wazi muda wote hata ukirudisha wenzo. Kulegeza kebo ni nati mbili tu! Tangu hapo sijabadilisha plagi tena.

Kuna jamaa alinishauri niweke plagi namba 8 badala ya 9 (ile 9 ya kwenye BR9ES) eti haichafuki haraka. Kwa NGK namba ikishuka plagi inakuwa ya moto zaidi, yaani ncha yake inabaki na joto zaidi, kweli masizi yatapungua, ila tu-stroku ukiikanyaga gesi mwisho na plagi ya moto kuliko inavyotakiwa unaweza kutoboa pistoni, na pistoni huwezi kuifananisha na bei ya plagi. Sikufanya.

Kasoro zake zingine: mchana kwenye theluji mwanga ni mkali huoni kitaa, lazima ukizibe na kiganja huku mkono mwingine unavuta kamba. Mpira wake baridi ikizidi unakakamaa na kofia haikai vizuri. Na usije ukazungusha injini kofia ikiwa imechomoka inaning'inia hewani, unaweza kuua kisanduku cha umeme wa kuwashia.

Nyota 3 kati ya 5. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu nunua jozi ya plagi mpya uweke mfukoni mwa jaketi, mi ndo ninavyotembea siku hizi. Testa nayo ninayo, ila iko chini kabisa ya begi la spana.