TAHADHARI: Wikendi ya Lofoi inayouzwa kwenye WhatsApp haipo, msitume avansi (malipo ya awali)

Ndugu zangu wa Lubumbashi, na ninyi wa Likasi, Kipushi na Kasumbalesa, jambo yenu. Kama unamwandalia mke, mume au mchumba wako sikukuu ya kuzaliwa, na umeona kwenye Facebook au WhatsApp tangazo la "wikendi ya wapendanao Lofoi, usiku mmoja, kila kitu ndani", yaani safari ya kwenda kwenye maporomoko ya maji ya Lofoi, usitume hata franga moja kabla ya kusoma hapa. Mdogo wangu ameliwa pesa zake na watu hao mwezi huu wa kwanza, na wapo wengine.

Jina la ukurasa wao siliandiki kwa sababu wamekwisha kulibadilisha. Facebook ina sehemu inayoonyesha ukurasa ulianza lini na uliitwaje zamani. Ule ulianza kama duka la nywele za bandia, ukawa wa nyumba za kupangisha, sasa ni wakala wa utalii. Nikiwapa jina la leo, kesho halitawasaidia kitu. Lakini namna yao ya kukunasa ni ileile, na hiyo ndiyo nataka kila mtu aijue.

Mkewe mdogo wangu alikuwa anafikisha miaka 30. Tangu wafunge ndoa, kila mara walipolala nje ya mji ilikuwa kwenda matanga. Akasema safari hii atampeleka mahali pazuri, na hatamwambia mpaka asubuhi ya kuondoka. Akaandika kwenye ile nambari. Akajibiwa palepale, kwa heshima nyingi, patroni huku, patroni kule: dola 280 kwa watu wawili, gari, chumba, chakula na keki. Wakamuuliza shemeji anaitwa nani ili jina liandikwe juu ya keki. Wakamuuliza anapenda rangi gani. Wakamwambia afanye siri ili asiharibu furaha ya mama.

Hapo ndipo penye hila yenyewe. Mtu anayenunua friji huuliza jirani, huuliza kaka, hulinganisha bei. Mtu anayeandaa zawadi ya kumshtukiza mkewe hamuulizi mtu, maana anaogopa neno litavuja. Na tarehe ya kuzaliwa haisogei. Wakikuomba dola nyingine siku mbili kabla, utatoa, kwa sababu huna tena muda wa kutafuta pengine na moyoni umekwisha kuahidi. Hao watu wanauza siri na haraka. Gari hawana, chumba hawana.

Alituma dola 150 za avansi kwa mobile money. Sauti kwenye vokali, ule ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ilikuwa ya mwanaume, jina lililotokea kwenye SMS lilikuwa la mwanamke. Alipouliza, akaambiwa ni kesia wa ofisi. Baadaye zikaombwa dola 40 za ruhusa ya kuingia parki. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri wakawa wamesimama Place de la Poste na begi lao, shemeji amevaa kitenge kipya, bado haambiwi wanakwenda wapi. Saa moja simu ikalia: gari limekamatwa na polisi wa rulaji, wale wa barabarani, upande wa Ruashi, tuma dola 30 za amandi (faini) tufike haraka. Akatuma. Tangu dakika ile nambari haipatikani. Walikaa pale mpaka jua likawa kali.

Sasa sikieni jambo linaloniuma kuliko pesa. Pale pale barabarani mdogo wangu alilazimika kumweleza mkewe, akamwonyesha picha ya maporomoko aliyotumiwa. Shemeji aliitazama mara moja tu, akasema: "Baba, hii si Lofoi. Hii ni Victoria Falls." Ana shangazi yake Livingstone, amefika. Kwenye kona ya picha, upande wa kulia, kuna daraja la chuma, lile lililojengwa mwaka 1905 kuunganisha ng'ambo mbili ambazo leo ni Zambia na Zimbabwe. Kwetu Lofoi hakuna daraja kama lile. Yaani mtu pekee ambaye angeiona hila hiyo kwa kutupa jicho ndiye huyo waliyesema afichwe.

Kwa wale wasiofika, Lofoi iko ndani ya Parki ya Taifa ya Kundelungu, iliyoundwa mwaka 1970, kama kilomita 180 kutoka hapa mjini. Maji yanaruka kutoka ukingo wa uwanda wa juu na kuanguka kwa mruko mmoja wa zaidi ya mita 300, membamba na marefu. Victoria ni kinyume chake: upana wake unakaribia mita 1,700 na urefu wa kuanguka ni kama mita 108. Ukiona kwenye tangazo ukuta mpana wa maji na mvuke mwingi, ujue picha imechukuliwa kwingine. Na ile picha ya chumba, yenye maua mekundu juu ya kitanda, dirishani ilionyesha bahari. Bahari, hapa Katanga!

Halafu fikirieni mpango waliouza: kuondoka asubuhi kwa gari dogo la mjini, kufika kabla ya saa sita, kuoga kwenye maji, kulala, na Jumapili mchana mko nyumbani. Mwezi wa kwanza! Huu ni katikati ya msimu wa mvua, na njia za kuingia Kundelungu ni za udongo. Anayeijua njia hiyo angekuambia habari za gari la kuvuta magurudumu manne, za mafuta ya akiba, za siku zaidi ya moja barabarani. Wakala wa kweli hukutajia matatizo kabla hujauliza. Huyu kila kitu kwake kilikuwa "hakuna shida, patroni".

Nilikwenda mwenyewe na mdogo wangu kwenye anwani waliyoandika kwenye fakitire (hati ya malipo), katika komini ya Kampemba. Tukakuta kiwanja cha mama anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia. Nikamsalimia, nikamwambia, "Mama, tunatafuta ofisi ya safari." Akaweka chini kopo lake la kupimia, akatutazama kwa huruma. "Na ninyi pia, wanangu? Juzi walikuja bwana na bibi na mizigo yao, wakaniita mwizi." Mama huyo hajui lolote. Namba ya nyumba yake wameiokota tu wakaiandika kwenye karatasi yao. Nawaomba, mtu asiende pale kumtukana.

Fakitire yenyewe ilikuwa na muhuri mzuri na bendera, lakini haina nambari ya RCCM, yaani ya rejista ya biashara. Kampuni iliyoandikishwa kwa utaratibu hapa nchini inayo, na haioni haya kuitoa. Ukipewa, peleka uulize kabla ya kulipa, na uulize pia kwenye divizio ya utalii ya mkoa kama wakala huyo anajulikana. Parki iko chini ya ICCN, taasisi ya serikali ya kuhifadhi mbuga, kwa hiyo mtu akikudai pesa ya kuingia Kundelungu, dai risiti ya ICCN. Nambari ya simu ya mtu binafsi si kasha la serikali. Na ule usemi wao wa "zimebaki nafasi mbili, promosio inaisha leo saa sita usiku" usikutetemeshe. Mdogo wangu aliambiwa hivyo, nami nilipowaandikia kwa simu nyingine wiki mbili baadaye, bado zilikuwa zimebaki nafasi mbili.

Kama unataka kumfurahisha mtu wako bila wasiwasi, Likasi iko kilomita kama 120 kwa lami. Unaweza kumpigia mwenye hoteli, kumtuma ndugu aliye kule akaone chumba kwa macho, na kulipa mezani mkifika. Hata hapa mjini, mchana kwenye bustani ya wanyama na usiku mmoja kwenye hoteli uliyokwenda kuitembelea mwenyewe katikati ya juma ni zawadi ya kweli. Siri ya mkeo itunze, lakini mtu mmoja mwenye akili ajue unamlipa nani.

Kwa walioibiwa tayari: pigieni kampuni ya simu siku ileile na muwape nambari ya muamala iliyo kwenye SMS. Pesa ikiwa bado haijatolewa, kuna matumaini ya kuizuia. Halafu nendeni mkashtaki. Kitendo hiki kina jina kwenye sheria yetu, ni eskrokeri (utapeli), kifungu cha 98 cha kitabu cha pili cha sheria ya jinai, na adhabu yake ni kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5. Ipo pia sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023. Kwenye polisi mdogo wangu aliulizwa kama kuna wengine, kwa sababu lalamiko la mtu mmoja wa dola 220 linalala kwenye meza.

Basi tunawatafuta hao wengine. Yule bwana na bibi waliofika kwa mama wa makala na mizigo, kama mnasoma hapa, niandikieni faraghani. Msifute SMS, msifute vokali, hata kama kuzisikia kunawachoma. Jina la yule "kesia" likiwa moja kwenye simu zetu zote, tutakwenda parke, yaani kwa mwendesha mashtaka, pamoja na dosie moja.