Appleseed ya 2004 na Appleseed Alpha ya 2014: ipi ya kuanza nayo?
Filamu hizi mbili za uhuishaji za Kijapani ziliongozwa na Shinji Aramaki kutokana na vitabu vya katuni vya Masamune Shirow, lakini hazifanani hata kwa sura. Ile ya 2004 inatupeleka Olympus, mji uliostawi baada ya vita, ambamo binadamu wanaishi pamoja na bioroidi, yaani viumbe waliotengenezwa wanaofanana na watu, na nyuso zimetiwa rangi bapa kama za katuni ya mkono. Appleseed Alpha inarudi nyuma: Deunan, mwanamke mpiganaji, na mwenzake Briareos, mwenye mwili wa mashine, bado wanahangaika katika magofu ya New York, wakimtumikia mbabe Two Horns ili kulipa deni. Hapa vumbi na mikwaruzo ya chuma kwenye kifua cha Briareos vinaonekana kama vya kushikika. Watazamaji wengi waliusifu ufundi huo, ila wakalalamika kwamba hadithi ni nyepesi. Lawama hiyo naikubali, kwa sababu swali zito la filamu ya 2004, la nani anastahili kuongoza dunia kati ya binadamu na viumbe waliotengenezwa, halimo. Hata hivyo, kwa anayeanza ningependekeza Alpha, maana haimtaki ajue lolote kabla.