Fomu ya G8: dakika tano kabla ya kemotherapi
Kwa kutambua haraka kama mgonjwa wa saratani mwenye miaka 70 na zaidi amedhoofika, fomu hii ya Ufaransa inafaa sana. Ina maswali manane, jumla alama 17. Akipata 14 au chini, afanyiwe tathmini kamili ya uzee (nguvu, lishe, akili, dawa na magonjwa mengine) kabla ya kupangiwa tiba.

Udhaifu wa fomu uko kwenye maswali ya uzito. Maji yakijaa tumboni au miguu ikivimba, kukonda kunafichika, na mzee anapewa alama asizostahili. Swali la dawa zaidi ya tatu kwa siku nalo hupotosha: mwambie aje na mfuko wake, umwage mezani, uhesabu. Na aulizwe mwenyewe. Watoto wake wana haraka ya kumjibia. Dozi ya kemotherapi ipunguzwe kiasi gani? Hilo fomu haisemi.