Kisoma vidole U.are.U 4500: kizuri, ila kijue kwanza

Haya, karibuni tena. Leo mezani nina U.are.U 4500, kile kisoma vidole kidogo chenye kidirisha cha umbo la yai kinachowaka mwanga wa buluu. Ni cha DigitalPersona, ambayo siku hizi iko chini ya HID. Wakala wa laini za simu, mtu wa SACCOS, ofisi yenye mahudhurio ya kidole: wote lalamiko lao ni moja, "hakisomi!" Na mara nyingi mashine inasingiziwa tu.

Tuanze na vipimo. Picha yake ni dpi 512, yaani nukta 512 kwa kila inchi, wakati kiwango kinachotumika kwa kawaida ni 500, kwa hiyo ukali upo. Eneo la kusomea ni milimita 14.6 kwa 18.1, na hapo ndipo pa kuangalia kabla hujatoa hela. Mifumo mingi ya usajili inadai FAP 20 (FAP ni madaraja ya ukubwa wa eneo la kusomea), yaani milimita 15.2 kwa 20.3. Hiki hakifiki. Kwa mahudhurio na kumtambua mwanachama kinatosha kabisa. Ukitaka kuchukua vidole vinne kwa mpigo, kulia vinne, kushoto vinne, kisha madole gumba mawili, hapo unatafuta FAP 60 yenye kioo cha upana wa kiganja, na bei yake ni ya ulimwengu mwingine.

Sasa njoo karibu na kamera. Ndani ya visoma vya namna hii kuna taa na kipande cha kioo cha pembe. Mwanga unapiga uso wa kioo kutoka chini na kurudi kwenye kamera. Tuta la ngozi, yaani mstari ulioinuka, likigusa kioo, mwanga wa pale haurudi vizuri, panatoka peusi. Kwenye bonde, ule mfereji kati ya matuta, kuna hewa, mwanga unarudi, panatoka peupe. Kinachopigwa picha ni mguso tu. Ukilishika hilo, shida zote zilizobaki zinajieleza zenyewe.

Tazama kwenye skrini. Hiki ni kidole cha shahada kikiwa kikavu, kimetoka kupanguswa vumbi la saruji. Unaona mistari inavyokatika, kama kalamu inayoishiwa wino? Programu inahesabu kila mkatiko kama mwisho wa tuta, wakati tuta halijaishia pale. Kidole kilekile, sasa kina maji: matuta yameshikana, bonde halionekani, utadhani muhuri uliozamishwa kwenye wino. Sasa nakikausha kwa kitambaa, nakipitisha mara moja kwenye paji la uso kipate mafuta kidogo, narudi kwenye kioo. Hapo! Kila mstari umesimama peke yake. Losheni ya kupaka papo hapo siipendi: ikizidi inageuka shida ya maji, na mteja anayefuata ataikuta kwenye kioo.

Kuweka kidole nako kuna namna yake. Weka nyama ya kidole, lile tumbo lenye mzunguko wa mistari katikati, siyo ncha. Watu wengi wanasimamisha kidole kama wanabonyeza kengele ya mlango, na katikati ya alama, panapotafutwa zaidi, panabaki hewani. Laza kidole, pachika katikati, tulia mpaka taa ipepese. Usikibiringishe. Ukikandamiza sana matuta yanatandaa na kuvutika pembeni, alama inapinda. Na mteja akiwa amesimama, kisoma kikae karibu na kimo cha kiwiko. Meza ikiwa juu sana kidole kinakuja kwa ncha tu, hata umwelekeze vipi.

Sehemu inayoua mashine hizi ni usafi. Juu ya kioo cha hiki kuna utando laini wa silikoni, ndio unaokisaidia kwa vidole vikavu kwa sababu unafuata umbo la matuta. Ndio pia udhaifu wake. Mtu anamimina spiriti, anasugua kwa karatasi ya chooni, utando unachubuka, kisha anasema amepigwa. Fanya hivi: kata selotepu ya kama sentimita tano, bandika upande wa gundi kwenye kidirisha, kandamiza kidogo, bandua. Tazama uchafu uliotoka nayo! Nyingine mpya, rudia, basi. Kwa visoma vya kioo kigumu ni tofauti: kitambaa cha kufutia miwani na spiriti kidogo, ila unalowesha kitambaa, humwagii kioo.

Jua nalo. Meza za mawakala ziko chini ya mwavuli, na mwanga wa pembeni unaingia moja kwa moja. Picha inafifia, au mbaya zaidi, mafuta ya mteja aliyetoka yanaonekana kama kivuli chini ya alama ya huyu mpya. Geuza kisoma kitazame upande wa kivuli, au kikinge kwa kiganja. Utaona tofauti papo hapo.

Nisisahau alama za ubora, maana zinachanganya watu. Programu za zamani zinatumia NFIQ, kipimo cha ubora wa picha ya kidole, ya 1 hadi 5, na 1 ndiyo bora. NFIQ 2 inakwenda 0 hadi 100, na kubwa ndiyo bora. Ukiona "5" ukafurahi, angalia kwanza ni kipimo kipi.

Fundi mwashi, mkulima, mzee wa miaka sabini: matuta yao yamelika kweli. Jaribu mara tatu, hifadhi iliyo bora, siyo ya mwisho. Ikigoma, hamia kidole kingine. Dole gumba na shahada kwanza, kidole cha mwisho kiwe cha mwisho kweli. Na ukibadilisha kidole, badilisha na jina lake kwenye programu. Shahada ya kushoto ikihifadhiwa kwenye nafasi ya kulia, hakuna usafi wa kioo utakaokuokoa.

Kwa nini nasisitiza picha nzuri siku ya kuandikisha? Tanzania ilipoanza usajili wa laini kwa alama za vidole, Mei 2019, kidole cha mteja kililinganishwa na kile kilichoko NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Picha zinazokutana ni mbili. Wakala anaweza kurudia ya kwake mara kumi. Ile ya kwanza, iliyochukuliwa siku ya kuandikishwa, haigusi.

Kwa hiyo hiki, kwa ofisi ya ndani yenye kivuli, nakipa ndiyo. Kwa meza ya juani yenye foleni ya watu wenye saruji mikononi, chukua chenye kioo kigumu cha FAP 20 au 30. Na chochote utakachonunua, kichomeke kwenye tundu la kompyuta lenyewe. Vigawanyishi vya USB vya bei rahisi umeme wake unayumba, kisoma kinakatika katikati ya kazi.