Ziara ya studio za zamani za redio Dar na Unguja, hela inalipa?

Wadau, kuna kijana hapa Dar anatembeza watu kwenye majengo ya redio, yale yaliyokuwa studio enzi hizo na yale ambayo bado yapo hewani. Jina lake silitaji kwa sababu humu nitamsifia na nitamsema pia, sitaki ionekane tangazo wala ugomvi. Kwa harakaharaka tu: nendeni, ila nendeni kwa ajili ya yule mzee anayeongozana naye, sio kwa ajili ya majengo. Majengo mengi utaona ukuta, geti na mlinzi anayekuangalia kama umekuja kuiba mnara.

Bei ni shilingi 40,000 kwa kichwa upande wa Dar, usafiri na maji juu yako. Unguja ni siku nyingine na malipo mengine, boti unajilipia mwenyewe. Mimi nilifanya zote mbili, kwa hiyo hapa naongelea zote.

Tunaanzia Barabara ya Nyerere, ambayo ukiongea na watu wazima bado ni Pugu Road, na ukisema Pugu Road kwa mtu aliyekua miaka ya sabini akili yake inaenda moja kwa moja kwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Sasa hapo kijana akatuambia RTD ilianza na uhuru mwaka 1961, na mimi hapo nikaanza kuwa na wasiwasi na hela yangu. Sio hivyo jamani. Utangazaji wa hapa ulianza Julai 1951 na Sauti ya Dar es Salaam, kituo kidogo cha serikali ya mkoloni kilichokuwa kinasikika mjini na maeneo ya jirani, 1956 kikawa Tanganyika Broadcasting Corporation, na hiyo ndiyo iliyotangaza uhuru. RTD yenyewe ilizaliwa 1965 shirika lilipovunjwa na redio ikawekwa moja kwa moja chini ya wizara. Baadaye 2002 ikaja TUT, yaani Taasisi ya Utangazaji Tanzania, ikaunganisha redio na televisheni ya taifa, halafu 2007 tukarudi kwenye TBC, yaani herufi zilezile tatu za mkoloni isipokuwa T ya sasa ni ya Tanzania. Mtu anayelipwa kuelezea haya anatakiwa awe nayo kichwani, sio kukadiria. Miaka hiyo ya mwanzo aliipita mbio kweli kweli, na mtu akimuuliza swali anasema "tutafika huko", hatukufika.

Lakini kilichookoa ziara ni mzee. Ni mstaafu, alikuwa fundi mitambo, anakaa pembeni kimya na kofia yake mpaka kijana amalize maneno yake. Tulimpa shikamoo, akasema marahaba wanangu, akauliza nani kati yetu amewahi kushika kanda ya rili, hakuna, akacheka. Halafu akaanza na ndio ziara ikaanza kiukweli.

Alitueleza jinsi walivyokuwa wanahariri kipindi, na sitasahau alivyokuwa anafanya kwa mikono hewani kama vile mashine iko mbele yake. Kanda ina upana wa robo inchi, inapita kwenye kichwa cha mashine inchi saba na nusu kwa sekunde, kama ni muziki unaipeleka kumi na tano. Waziri amehojiwa, katikati ya sentensi kakohoa, sasa kikohozi kile unakitoaje? Unasimamisha mashine, unazungusha rili mbili kwa mkono taratibu mbele nyuma, mbele nyuma, sauti inatoka kama ng'ombe anayelalamika, mpaka masikio yako yanasikia pale kikohozi kinapoanzia, unaweka alama kwa penseli nyuma ya kanda. Unafanya hivyo hivyo mwisho wake. Halafu unachukua wembe. Unakata kwa mshazari, akasisitiza sana hii, ukikata wima msikilizaji atasikia "tak" pale ulipounga. Unaunganisha vipande na utepe wake maalumu, unabaki na kikohozi cha waziri kimening'inia kidoleni. Mtu mmoja kwenye kundi akamuuliza vile vipande mlikuwa mnavipeleka wapi, mzee akasema "sakafuni mwanangu, jioni mfagizi anafagia viongozi." Tulicheka mpaka mlinzi akasogea.

Na hapo ndipo unaelewa kwa nini ile sehemu ilikuwa muhimu kuliko redio tu. Bendi karibu zote kubwa za bara zilirekodi pale, NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya kina Mbaraka Mwinshehe, baadaye Mlimani Park, kwa sababu kiwanda cha santuri hatukuwa nacho, santuri zilikuwa zinachapwa Nairobi, na mpaka na Kenya ulipofungwa 1977 njia hiyo nayo ikawa shida. Kwa hiyo mwanamuziki akitaka kusikika nchi nzima mlango ni mmoja. Mzee anasema bendi inaingia chumbani watu wote kwa pamoja, hakuna kurekodi gitaa leo na sauti kesho. Wapiga tarumbeta wanarudishwa nyuma kabisa karibu na ukuta kwa sababu wanafunika wengine, waimbaji wanasogezwa kwenye maiki, na mizani ya sauti unaipata kwa kusogeza miguu ya watu sio kwa kusogeza vitufe. Mtu akikosea dakika ya nne mnaanza upya wote. Ndio maana ukisikiliza zile nyimbo leo unasikia chumba, unasikia umbali wa mtu na mtu, kitu ambacho muziki wa kompyuta unakitengeneza kwa programu siku hizi na bado hakifanani.

Akaongelea pia ile ngoma ya taarifa ya habari. Wengi wetu tumekua nayo, ikilia tu nyumbani watoto mnanyamaza maana baba anasikiliza, ila nadhani nusu ya kundi letu hawakujua kwamba mpigaji alikuwa Mzee Morris Nyunyusa, mtu asiyeona, aliyekuwa anapiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja peke yake.

Kingine ambacho kijana alikigusa juujuu na kingestahili muda ni Idhaa ya Nje, yale matangazo ya RTD ya kwenda nchi nyingine. Kutoka hapo hapo Dar, FRELIMO walikuwa wanaongea na watu wao Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini nao walikuwa na kipindi chao, vyama vya ukombozi vilikaa hapa mjini na redio ilikuwa mojawapo ya silaha zao. Na ndani ya nchi redio hiyo hiyo ndiyo iliyobeba kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, vikundi vya watu vijijini wanakaa chini ya mti na redio moja wanasikiliza kisha wanajadili kuchimba vyoo na kufukia madimbwi, watu kama milioni 2 walishiriki. Leo mtu anasema ana wafuasi laki tano anajiona mfalme.

Sasa suala la kuta na walinzi, maana kila mtu kwenye kundi alilalamika haturuhusiwi kuingia wala kupiga picha. Mimi naona kijana angeweza kuligeuza liwe sehemu ya ziara badala ya kuomba radhi kila dakika. Redio ya serikali inalindwa hivi kwa sababu yenye historia yake. Januari 1964 wanajeshi wa kambi ya Colito hapa Dar walipoasi, redio ilikuwa moja ya sehemu walizozishika mapema. Wiki moja tu kabla, Unguja, kituo cha redio kilikuwa kimetekwa usiku wa mapinduzi. Enzi ya redio moja, mwenye maiki ndiye serikali, basi. Simama nje ya lile geti ukiwa unajua hilo, utaliona tofauti.

Baada ya hapo tukaenda Mikocheni, na hapa niseme ukweli ni sehemu ya kuchosha. Unashuka, unaonyeshwa jengo la kisasa lenye vioo na nembo, unapanda tena. Cha maana ni maelezo. Sheria ya utangazaji ya 1993 ndiyo iliyofungulia watu binafsi, 1994 Radio One ya marehemu Reginald Mengi ikaingia hewani, na mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini Clouds FM, na ghafla vijana wakawa na redio inayoongea kama wao. Nilimuuliza mzee mbona redio za sasa zinahamahama, leo ziko ghorofa hii kesho mtaa ule, wakati RTD ilikaa palepale miaka yote? Akanipa jibu ambalo peke yake lilinilipa zile 40,000.

Akasema redio ya masafa ya kati, yaani AM waliyokuwa wanatumia RTD, inataka ardhi. Wimbi la kilohezi 1,000 lina urefu wa mita 300, mnara mzuri unatakiwa uwe robo yake, yaani mita 75 za chuma, na chini yake unafukia nyaya za shaba zimesambaa kama mizizi, kwa hiyo unatafuta uwanja mkubwa nje ya mji wenye udongo unyevu, ukishaweka mtambo huko huuhamishi kwa sababu tu mwenye nyumba kapandisha kodi. FM ni kitu kingine kabisa, wimbi lake mita tatu hivi, antena unaibeba begani, inachotaka ni urefu tu, iwe juu ione mbali. Ndio maana vituo vya FM popote duniani unavikuta vimepanga ghorofani au vimeweka antena juu ya paa la mwingine, studio inaweza kuwa chumba chochote chenye mazulia ukutani, kodi ikipanda unafungasha meza, maiki na kompyuta, asubuhi uko hewani mtaa mwingine na msikilizaji hajui kitu. Kwa hiyo hiyo historia ya redio binafsi mtaani huioni, vyumba walivyoanzia wengi sasa ni ofisi za bima sijui saluni, hakuna hata kibao. Hilo sio kosa la kijana, ila angalau angekuwa na picha za kutuonyesha kwenye simu.

Unguja ni habari nyingine. Huko anayetembeza ni dada mmoja mwenyeji wa mtaa wa Ng'ambo hapo hapo mjini, kampokea kijana kazi pale bandarini, na tofauti unaiona ndani ya dakika tano. Anaongea taratibu, hajui kitu anasema ngoja tumuulize fulani, na kweli anamuita mtu barazani anamuuliza. Rahaleo ndipo penyewe, jengo la jumuiya lililokuwa na studio, Sauti ya Unguja, kisha ikawa Sauti ya Zanzibar. Alfajiri ya tarehe 12 Januari 1964 hapo ndipo John Okello, mmoja wa viongozi wa mapinduzi, alipoongea na watu akijiita Field Marshal, sauti ambayo wengi kisiwani hawakuwa wameisikia kabla ya siku ile na lafudhi yake sio ya hapo. Kulikuwa na bibi mmoja mtaani alitusimulia jinsi watu walivyokuwa wamejifungia ndani wamezunguka redio moja, hataki kuongea sana, akakatisha akatuuliza kama tumekula. Dada hakumlazimisha, na mimi nikampenda kwa hilo.

Pia ndiye pekee aliyetukumbusha kwamba watu wa Unguja hawakuwa wanasikiliza redio yao tu. Kuanzia 1954 Cairo walikuwa na matangazo ya Kiswahili, na mikahawani watu wanakaa wanasikiliza Misri inamtukana Mwingereza kwa Kiswahili kilichonyooka huku askari wa Mwingereza anapita nje. Halafu tukapita Karume House kwenye televisheni ya Zanzibar, ya rangi tangu miaka ya sabini mwanzoni, ya kwanza kusini mwa Sahara, wakati sisi bara tulikuja kupata televisheni 1994. Wazanzibari kwenye kundi walilirudia hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Na dada alikuwa na spika ndogo kwenye mkoba. Hicho ndicho kinachoniuma kuhusu upande wa Dar. Umewatembeza watu nusu siku juani kwenye historia ya redio na hukuwapigia hata sekunde kumi za sauti! Ile ngoma ya habari ipo, nyimbo za bendi zipo, spika ya bluetooth Kariakoo hazizidi hata nusu ya anachotoza mtu mmoja. Sisi tumebaki na mzee anaigiza kwa mdomo jinsi kipindi cha salamu kilivyokuwa kinaanza, aliigiza vizuri sana lakini sio kazi yake ile, na koo lake lilikuwa limeanza kukauka.

Mengine madogo: walichelewa kuanza, saa mbili ikawa saa tatu kasoro. Foleni ya Nyerere Road haielezeki kwa hiyo msipange kitu jioni. Kundi likizidi watu nane nyuma hamsikii kitu, ombeni muwe wachache. Choo ni cha kuomba kwenye migahawa.

Dar nampa tatu kati ya tano na mbili kati ya hizo ni za mzee, Unguja nne na nusu. Kabla hujalipa muulize kabisa kama mzee atakuwepo siku hiyo, maana nasikia wiki nyingine anakuwa Morogoro kwa mwanae, kama hayupo ahirisha. Na akiwepo mbananeni awasimulie za umeme kukatika katikati ya taarifa ya habari, alishaanza kutusimulia na kijana akamkatisha eti muda umeisha.